Shaba ya Kengele na Majokofu ya Bunda

Butiama,
7 Februari 1988

Kaka yangu Wenceslaus,

Tumsifu Yesu Kristo, na salamu hizi zikukute umekaa, maana habari nilizonazo ni za kumsimamisha mtu. Sisi huku wazima. Mama anakula, anasali, na anawatukana kuku kama kawaida, kwa hiyo tunajua afya ipo. Macho ndiyo yanazidi kufifia. Siku hizi watu anawajua kwa kuwapapasa, na juzi alimpapasa katekista Stanislausi kichwani akasema, "Boga hili limeiva, lichumeni." Shemeji yako Burito naye yupo. Nasema yupo.

Sasa jambo lenyewe. Ile ringi ya lori tuliyokuwa tunaigonga kuita watu kanisani imeibwa. Tunaambiwa biashara ni huria, chuma chochote kina mnunuzi. Wamechukua ringi, mnyororo wake, na nondo ya kugongea. Mti wametuachia. Stanislausi akatafuta filimbi ya refa, akaipuliza Jumapili kwa nguvu zake zote, na vijana wakaja wengi kweli, wakiwa na mpira.

Kaka, tumesikia kwamba tangu kiwanda chenu kifungwe unayeyusha shaba hapo Nyasho. Mimi kama mwenyekiti wa akina mama wa kigango nimesimama mbele ya watu nikasema, kaka yangu atatutengenezea kengele ya kweli na Noeli hii italia. Nilisema kabla ya kukuuliza. Mdomo ulitangulia. Usiniache niaibike, maana Lukresia alikuwa amekaa benchi la mbele na anakumbukaga kila kitu.

Msalimie wifi Jenoveva na mgongo wake.

Dada yako,
Petronila


Nyasho, Musoma,
3 Machi 1988

Mpendwa dada Petronila,

Milele amina. Barua yako ilinikuta nimekaa, ikanisimamisha, nikakaa tena. Sisi wazima. Mgongo wa wifi yako unauma akifua, haumi akienda harusini. Daktari ameshindwa, tumemwachia Mungu.

Umenishika pabaya, lakini pia umenishika kwa wakati wake, kwa sababu nimetoka Mwanza kwenye semina ya mafundi wadogo. Bwana mmoja mwenye tai kutoka Dar es Salaam alitueleza mwelekeo na matarajio ya kuyeyusha shaba chakavu katika viwanda vya taifa letu. Nakueleza kwa ufupi ili na wewe uwe mtu wa kisasa.

Mwelekeo ni huu. Zamani shaba ilikuwa mali ya serikali, na ilikuwa haipo. Sasa ni mali ya kila mtu, na bado haipo, kwa kuwa inavuka mpaka wa Sirari kwa magunia. Waya za simu, mota za mashine za kusaga, vyote vinavuka. Inayeyushwa huko kwa wenzetu, halafu inaturudia imevaa plastiki, hatuitambui, tunainunua kwa heshima kama mgeni. Nikanyoosha mkono nikauliza, na matarajio je? Bwana akasema matarajio ni mazuri, akala wali, akaondoka.

Mimi sina tai lakini ninalo tanuru. Ni pipa la mafuta, ndani nimelikandika udongo wa kichuguu, na pembeni mivuo ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto. Moto upo, ujuzi upo, shaba ndiyo shida. Waya sinunui. Tangu nianze kazi hii, simu za Musoma zikikatika polisi wanakujaga kunisalimia mimi kwanza. Nikitengeneza kitu nakipiga msalaba mdogo kwa patasi, kama alivyotufundisha Bruda misheni, ili kazi iwe ya Mungu. Patasi yangu ina pengo, kwa hiyo mguu wa msalaba unakwenda kombo, lakini Mungu anaelewa.

Basi kengele nitakupa. Wewe kusanya shaba nyekundu, safi, kwa watu wenye nia njema. Shaba peke yake haina sauti, inalia kama sufuria. Lazima ichanganywe na shaba ngumu ya propela la boti, ambayo ndani yake mna bati. Hiyo nitaitafuta mimi kwa wenye boti, pale Mwigobero.

Umesema shemeji yupo. Yupo vipi?

Kaka yako katika Kristo,
Wenceslaus


Butiama,
10 Aprili 1988

Kaka Wenceslaus,

Kristo amefufuka, na sisi tumeamka. Mama anakusalimia. Pasaka alikula nyama kuliko Stanislausi, na Stanislausi si mtu wa mchezo.

Kuhusu shemeji yako, hilo swali hukupaswa kuliuliza.

Kuhusu shaba, sikiliza maajabu. Nilitangaza kanisani: mwenye shaba nyekundu ailete kwa ajili ya kengele. Wiki ya kwanza nikapata hereni moja na mpini wa birika. Wiki ya pili akaja Lukresia na kitu kirefu amekifunga ndani ya kanga, kimejisokota kama utumbo wa mbuzi. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Ni bomba la jirani." Nikalinusa. Kaka, wewe unajua gongo inavyopikwa: mvuke unapita ndani ya bomba la shaba lililozamishwa kwenye maji ya baridi, unatoka upande wa pili umekuwa balaa. Bila bomba hakuna balaa. Nikamtazama Lukresia, Lukresia akatazama sanamu ya Mama Maria.

Jumapili iliyofuata kila mwanamke alileta bomba la jirani yake. Kijiji kizima hakuna mwenye bomba, wote ni majirani. Na mimi nikaona ni vizuri nitoe mfano, nikaleta la jirani yangu. Lilikuwa limefichwa chini ya kitanda cha jirani, upande anaolala yeye.

Sasa waume wa kigango hiki wanazunguka wakitafuta vitu wasivyoweza kuvitaja. Mmoja alikwenda kwa Stanislausi kulalamika kwamba ameibiwa. Akaulizwa, umeibiwa nini? Akafikiri, akasema, "Basi tu." Akaenda zake.

Nami nikwambie lililo moyoni. Yule jirani yangu siku hizi anaamka na jua. Ameezeka jiko. Jana alikaa karibu na Mama akamuuliza amelalaje, na Mama akampapasa uso, paji, pua, kidevu, akarudia tena, akauliza, "Huyu ni nani?" Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, halafu nikarudi nikapika.

Magunia matatu anakuletea Keraryo, dereva wa lori la pamba. Kaka, hayo mabomba yayeyuke. Siongezi neno. Yayeyuke.

Dada yako,
Petronila


Nyasho, Musoma,
26 Juni 1988

Mpendwa dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Utanisamehe kuchelewa, stempu zilikuwa adimu posta, na zilipopatikana, bahasha ndizo zikawa adimu. Ndiyo uchumi wetu. Sisi wazima. Mgongo wa wifi yako umepata nafuu kubwa tangu anunue kitenge kipya. Nyumba nayo tumeipatia mabati upande wa jikoni, Mungu ni mwema.

Magunia yalifika salama. Keraryo alisema njia nzima abiria wa nyuma walikuwa wanachekacheka bila sababu.

Kazi ya kengele inaendelea vizuri. Ninaifikiria kila siku. Kalibu ya udongo ya kumiminia shaba nimeshaanza kuichora chini kwa kijiti. Kinachonikwamisha ni propela. Wenye boti wa Mwigobero wamekuwa wagumu. Ukimtajia mtu propela bovu analikumbatia kama mtoto, anasema Sirari wanalitaka.

Mwelekeo wa soko nao umebadilika, na fundi lazima afuate soko, ndivyo tulivyofundishwa Mwanza. Amekuja kwangu bwana mmoja wa Bunda, anaitwa Mniko, mtu mstaarabu, ana saa. Anahitaji mabomba ya shaba kwa ajili ya majokofu. Bunda imeendelea sana, dada. Anasema majokofu yameingia kwa wingi na yote yanaharibika mabomba. Nimemfanyia kazi ndogo. Unajaza bomba mchanga mkavu, unaziba huku na huku, unalizungusha taratibu kwenye gogo, halivunjiki kona hata moja. Ukimwaga mchanga linatoka limejisokota vizuri mpaka unaona haya kuliuza. Nayapiga msalaba wangu na kumkabidhi. Lakini hayo ni mambo ya ufundi, sitakuchosha.

Furaha yangu ni kusikia jirani yako anaendelea vizuri. Je, bado anakoroma?

Kaka yako,
Wenceslaus


Butiama,
15 Agosti 1988

Kaka Wenceslaus,

Leo ni sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, nimetoka kanisani na moyo safi, kwa hiyo nakuandikia upesi kabla haujachafuka.

Mama mzima. Mahindi si mabaya. Stanislausi bado anapuliza filimbi, na sasa timu ya vijana wetu imekuwa bora kuliko kwaya.

Kaka, Bunda ipi hiyo? Mimi Bunda nakwendaga sokoni. Jokofu nililoliona ni moja, nalo mwenyewe ameweka vitabu vya hesabu ndani kwa sababu ya panya. Umeme wenyewe unakuja kama mjomba wa mbali, haukai hata kunywa chai. Hayo majokofu yaliyoingia kwa wingi yameingilia wapi?

Nauliza tu.

Jambo jingine. Jirani yangu ameanza kuchelewa kurudi nyumbani. Anasema anafuga nyuki kule korongoni. Anarudi ananuka, na si asali. Zamani kidogo, Mama akimpapasa alikuwa anamuuliza jina. Juzi hakumpapasa kabisa. Mama alikuwa amekaa hapa anachambua mchicha, na jirani yuko kule uani bado, Mama akainua pua akasema, "Burito amerudi."

Nimeangalia chini ya kitanda. Hakuna kitu.

Mabomba yetu yameyeyuka yote? Akina mama wananiuliza na mimi nawajibu ndiyo. Najibu kwa kukuamini wewe. Niandikie neno moja tu: yameyeyuka.

Dada yako,
Petronila


Nyasho, Musoma,
20 Septemba 1988

Mpendwa dada,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilifika imelowa maji. Mwanzo unasomeka na mwisho unasomeka. Pale katikati, hasa penye maswali, wino umetawanyika.

Sisi wazima. Ziwa limechafuka siku mbili hizi na dagaa hawapo. Wifi yako amerudiwa na mgongo.

Kuhusu kengele, tukumbuke kwamba Bwana ni mvumilivu, si mwepesi wa hasira. Nakuomba nawe umfuate. Propela bado.

Msalimie Mama, umwambie namuombea macho.

Kaka yako,
Wenceslaus


Butiama,
9 Oktoba 1988

Wenceslaus,

Salamu utazipata kwa wengine.

Alhamisi nilikwenda kutazama nyuki. Nilimfuata jirani yangu hadi korongoni, yeye mbele anapiga mluzi, mimi nyuma na jembe begani kama naenda shamba. Pipa lilikuwepo, moto ulikuwepo, na bomba lilikuwepo. Jipya. Limejisokota vizuri mpaka mtu anaona haya. Nilikaa kichakani hadi alipokwenda kuchota maji, nikalichomoa likiwa la moto, nikalifunga kwenye kanga na kurudi nalo nyumbani. Kanga imeungua. Ni ile uliyonipa wewe.

Nikaliweka chini. Mama akauliza, "Umeleta nini?" Nikamwambia, chuma tu. Akalivuta kwake akalipapasa, kona baada ya kona, taratibu, mpaka mwisho. Pale mwisho kidole kikasimama. Akasema, "Msalaba wenye mguu kombo. Mwanangu Wenceslaus amekuja? Mbona hajanisalimu?"

Nikamwambia, amekuja, Mama, ila amepitia Bunda.

Jioni nililiweka bomba mezani, katikati ya ugali na mboga. Jirani yangu akakaa, akanawa, akaliona. Nikachukua rozari nikaenda kusali jumuiya. Niliporudi ugali ulikuwa haujaguswa, bomba halipo, na yeye hayupo. Hadi leo hayupo.

Akina mama hawajui bado. Siku Lukresia akijua kwamba mabomba tuliyoyatoa kwa kengele yanarudi kijijini yakiwa yamebarikiwa, nitahama. Nitahamia kwako. Nitakuja na Mama, na Mama atakuja na kuku.

Lakini hilo la aibu naweza kulibeba. Kaka, nilikuwa nimepata mtu ndani ya nyumba yangu. Miezi mitatu, minne hivi. Ulimuuza kwa Mniko.

Noeli ni Noeli, na kengele nilishaiahidi.

Petronila


Nyasho, Musoma,
30 Oktoba 1988

Dada yangu mpendwa Petronila,

Tumsifu Yesu Kristo. Hii nakuandikia mkono ukiwa umeungua kidogo, uvumilie mwandiko. Wifi yako anakusalimia. Haulalamikii tena mgongo, anasema nyumba ina wanaume wawili wanaolalamika inatosha.

Usitafute. Burito yuko hapa.

Alifika asubuhi, miguu yote vumbi, na bomba begani. Jenoveva akamwekea kiti, hakukaa. Akaniangalia, akasema, "Shemeji, nimekurudishia jokofu lako. Halipoozi."

Nikasema, labda ulilinunua Bunda, mambo ya Bunda mimi siyajui.

Akasema, "Nililinunua Bunda, lakini lilizaliwa kwangu. Kona hii hapa niliikunja kwa goti langu mwaka wa njaa. Umelinyoosha vizuri, umelisokota vizuri, lakini kovu la goti langu liko palepale. Mtu anauziwa ng'ombe wake mwenyewe na wakwe zake, shemeji, na anashukuru."

Dada, nilichukua birika. Nikampa chai. Akainywa kasimama, halafu akaenda mwenyewe kwenye tanuru akalitumbukiza lile bomba ndani, akashika mivuo akaanza kuvukuta. Hakuniuliza kama ni siku ya kazi. Ikawa siku ya kazi.

Amevukuta tangu siku ile. Yote yaliyobaki yameyeyuka, nimeyaona kwa macho yangu mawili na Burito kwa yake mawili. Nimeandika yaliyobaki, na ninaomba wino usitawanyike hapo. Mniko alikuja juzi na saa yake akitaka mzigo. Burito aligeuka tu akamtazama, jasho linamtoka na koleo jekundu mkononi. Mniko akasema alikuwa anapita. Kwa hiyo soko la majokofu Bunda limeanguka. Sitegemei litainuka.

Propela limepatikana. Burito alishuka Mwigobero akarudi nalo begani, limevunjika bawa moja. Nikamuuliza umewapa nini wale watu, mimi wamenikatalia tangu Machi? Akasema, "Nimewaambia ni la kengele ya kanisa." Wakakubali hivyohivyo? "Hawakukubali. Wale ni wateja wangu wa zamani. Walinisogelea mmoja mmoja wakaninusa mdomo. Ndipo wakakubali."

Propela ni dogo kwa shaba tuliyonayo, nakuambia mapema ili usitegemee sauti ya malaika.

Jana tukipumzika nilimuuliza kwa nini hakuliuza lile bomba palepale njiani, maana wanunuzi wapo. Alijifuta masizi usoni. Kisha akasema, "Mama alikuwa ameanza kunipapasa uso. Sasa ananitambua nikiwa bado uani. Nataka anipapase."

Sina zaidi. Ukiulizwa na Lukresia matarajio ya shaba katika taifa hili, mwambie ni kama watu. Hata ikipinda vipi, moto ukiwa wa kutosha inakubali umbo jingine. Bwana mwenye tai hakutuambia hilo. Alikuwa na haraka ya wali.

Kaka yako, asiyestahili lakini bado ni kaka,
Wenceslaus


Butiama,
27 Desemba 1988

Kaka yangu Wenceslaus,

Tumsifu Yesu Kristo, na Noeli njema iliyokwisha kupita. Sasa unaweza kukaa. Kanga uliyotuma imefika. Ni nzuri kuliko iliyoungua, na sijaisahau iliyoungua.

Kengele ililetwa na Keraryo juu ya pamba, imefunikwa shuka, na Burito amekaa pembeni ameishika kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Padri akaibariki. Ikatundikwa kwenye mti uleule, kwa minyororo miwili na kufuli, maana biashara bado ni huria.

Ikagongwa. Kaka, haikulia kama ya misheni. Ililia kama mtu mwenye kikohozi aliyepigwa kifuani. Niliona macho ya Lukresia yananitafuta, nikajua leo ndiyo leo. Lukresia akainua mkono, akasema, "Igongeni tena." Ikagongwa. Akatikisa kichwa, akasema, "Hilo ni koo la jirani yangu kabisa. Pale mwishoni, panapokwaruza." Mwanamke mwingine akasema hapana, panapokwaruza ni wa kwake. Wakaanza kugombania. Mpaka Gloria inaanza kila mmoja alikuwa amemsikia wake.

Wanaume walisimama nyuma wakaiangalia kengele kama mtu anavyomwangalia ng'ombe wake aliyekwisha kutolewa mahari. Yupo, anamjua, hawezi kumdai.

Stanislausi amempa Burito kazi ya kuigonga. Filimbi wamepewa vijana.

Baada ya misa nilimshika Mama mkono nikampeleka pale chini ya mti. Akaipapasa kengele yote, akaizunguka, kidole kikasimama kwenye msalaba wako wa mguu kombo. Akacheka peke yake. Halafu mkono wake ukaendelea, ukafuata kamba ukashuka, ukamkuta aliyeishika kamba. Akampapasa mkono, bega, akapanda usoni, paji, pua, kidevu. Alikawia pale. Akainua pua akavuta hewa, hakupata kitu.

Akauliza, "Huyu ni nani?"

Burito akasema, "Ni jirani, Mama."

Dada yako ambaye safari hii mdomo wake umetembea nyuma,
Petronila